Mbuzi wa Songea Ndogo

Vigingi vya barabara vilipita katikati ya makaburi ya Songea Ndogo, na hakuna aliyehitaji kuambiwa ni mdomo wa nani uliovileta pale. Vilikuwa vya mti mweupe, vimepakwa rangi nyekundu kichwani, na kimoja kilikuwa kimechomekwa hatua moja tu kutoka msalaba wa Marselino. Eufrazia alikiona asubuhi alipokwenda kufagia kaburi la mumewe. Alikitazama, akafagia kukizunguka, akarudi nyumbani akabandika maji ya uji.

Alingoja moyo umuume. Haukumuuma. Alijiona kama mguu uliokaliwa vibaya hadi ukafa ganzi, ambao unajua ni wako kwa kuwa tu unauona umeunganika na wewe.

Songea Ndogo kilikuwa kitongoji cha nyumba za udongo zilizojipanga kando ya barabara ya Morogoro, mbele kidogo ya Kibamba ukiwa unatoka mjini. Waliokijenga ni Wangoni walioletwa kwa malori kukata mkonge katika shamba la Mgiriki, enzi za Mwingereza. Mgiriki akafilisika, akaondoka, mkonge wake ukaota milingoti ukafa umesimama, nao wakabaki. Wengine waliulizwa na ndugu zao kwa nini hawarudi kwao Songea, wakajibu habari za mihogo na michungwa. Sababu hasa ilikuwa nyingine. Walikuwa wamekwisha kuzika pale. Kila aliyekufa walimlaza kwenye mwinuko ulioko upande wa juu wa barabara, na mtu akishazika mama yake mahali, mahali pale panaacha kuwa shamba la Mgiriki.

Pamoja nao walikuja Wapogoro wachache kutoka Mahenge, na Eufrazia alikuwa binti wa hao. Sasa, Mpogoro na Mngoni ni watani. Zamani babu zao walipigana mpaka wakachoshana, na kilichobaki baada ya vita kikageuka utani. Mtani wako anaweza kuingia uani kwako akakamata kuku anayemtaka, ukacheka. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, ukacheka, tena ukamwongezea maneno aliyoyasahau. Na siku ukifa ni yeye anayekuchimbia kaburi, ni yeye anayekubeba, ni yeye anayewachekesha watoto wako katikati ya kilio ili wapate kula.

Sheria yake ni moja. Hakuna kukasirika, kwa hiyo hakuna kuombana radhi. Radhi huombwa na mtu aliyekosa, na mtani hakosi. Ukimwomba mtani wako radhi umemwambia kwamba yote uliyopata kumtania uliyakusudia. Hapo utani umekufa, wala haufi baina yenu wawili tu. Unakufa baina ya nyumba na nyumba, na aliyeuua hatangazi habari hiyo, watu wataijua wenyewe siku ya msiba, watakapotazamana nani ashike jembe.

Eufrazia alikuwa fundi wa utani. Aliolewa na Marselino, Mngoni, na siku ya harusi yenyewe alitangaza kwamba amekuja kulipiza kisasi cha mateka waliochukuliwa na babu yake bwana harusi, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwazalia majinga. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Kisha, mwaka ule lilipotangazwa Azimio la Arusha, Marselino aliumwa tumbo. Wakapata gari la kumkimbiza hospitali mjini. Lakini barabara ilikuwa nyembamba kama mshipi, na lori moja kati ya yale yaliyokuwa yakipeleka mafuta Zambia lilikuwa limelala kwenye daraja, pua upande huu na mkia upande ule. Gari likangoja. Marselino naye akangoja, halafu akaacha kungoja.

Tangu hapo huu ulikuwa mwaka wa tatu. Eufrazia aliendelea kutania, namna mtu anavyoendelea kutwanga huku mawazo yake yako kwingine. Mchi unapanda, mchi unashuka, unga unatoka. Watu walicheka kama kawaida. Yeye hakusikia ladha yoyote mdomoni.

Ndipo akaja Ndugu Gozbert.

Gozbert alikuwa mtu wa Bukoba, kijana mpole mwenye kaptula iliyopigwa pasi na soksi ndefu, karani wa watu waliopewa kazi ya kupanua barabara. Katibu wa tawi, Fransis, mtoto wa hapohapo Songea Ndogo aliyesoma hadi darasa la kumi, aliwakusanya watu uwanjani. Gozbert akawaeleza vizuri, bila haraka. Malori ya Zambia yameongezeka, barabara itakuwa pana, yenye nafasi ya magari mawili makubwa kupishana na mtu wa baiskeli kando. Itabidi imege ardhi ya upande mmoja. Akauliza kama upande wa juu kuna kitu ambacho serikali ingepaswa kukikwepa: kisima, nyumba ya ibada, makaburi. Kama kipo, barabara itasogezwa chini, kwenye mkonge uliokufa, na hakuna atakayeumia.

Mzee Kasimiri akasimama kujibu. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa Wangoni pale, mtu mrefu mwenye masikio makubwa na mapenzi ya kusikilizwa. Akajikohoza, akashika ncha za koti lake.

"Pale juu, Ndugu yangu, wamelala mashujaa. Wamelala watu ambao baba zao walikuwa wakipita, nyasi zinainama zenyewe."

Alikuwa ameiacha nafasi wazi kama mlango, na Eufrazia, aliyekuwa amekaa chini na wanawake wengine, akaingia kwa mazoea tu, bila hata kuinua kichwa.

"Mashujaa wa wapi, wewe masikio? Mwambie mgeni ukweli. Pale hamna mtu. Mmefukia mbuzi mliowaiba kwa Wazaramo, mkachomeka misalaba juu ili polisi wasifukue."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Gozbert akamgeukia Mzee Kasimiri, akamuuliza kwa heshima kama maneno ya mama yule ni kweli. Na Mzee Kasimiri akafanya kile ambacho Mngoni yeyote mwenye adabu zake angefanya.

"Kweli tupu," akasema. "Na Mpogoro ndiye aliyewachuna."

Kicheko kikapanda tena. Gozbert naye akacheka, akiwa amechelewa kidogo, akaandika. Walimletea machungwa, akala, akashukuru, akaondoka kwa Landrova. Hakuna aliyemkimbilia kumwambia neno, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba duniani yuko mtu mzima asiyejua utani ni nini.

Kumbe Gozbert alikuwa ametoka vijiji vingi kabla ya kufika pale. Alikwisha kukuta makaburi yaliyochimbwa jana, udongo bado mbichi, wenyewe wakilia machozi ya kweli juu ya shimo tupu ili serikali iwalipe. Alikwisha kuchoka. Aliposikia watu wanakiri mbele ya katibu wa chama kwamba misalaba yao ni ya uongo, aliwaheshimu mno. Akamwambia hivyo mkubwa wake.

Vigingi vilipoonekana, Fransis na Mzee Kasimiri walipanda lori hadi kambi ya watu wa barabara. Walirudi alasiri na Gozbert, uso umemwiva kwa aibu. Palepale uwanjani akasema kwamba amekwisha kuelewa, na kwamba kama angekuwa yeye peke yake angeving'oa vigingi kwa mkono. Lakini mkubwa wake amekataa. Mkubwa wake amesema kijiji hiki kina maneno mawili, na yeye hawezi kuhamisha barabara kila watu wanapobadilisha neno. Atakubali jambo moja tu. Mwanamke yule asimame mbele ya mkutano, katibu akiwa shahidi, aseme kwamba alimdanganya mtumishi wa serikali, na aombe radhi. Hapo itajulikana kosa lilikuwa la nani, na barabara itakwenda kwenye mkonge. Asipofanya hivyo, katapila linaingia Jumatatu, na wenye wafu wao wawahamishe kabla.

"Ni neno moja tu, Mama," Gozbert alimwambia Eufrazia pembeni, akiwa ameishika kofia kwa mikono miwili. "Neno moja, yamekwisha."

Eufrazia alimtazama soksi. Moja ilikuwa imeshuka.

Mkutano ulikaa kesho yake. Ulikuwa mrefu, na wengi walisema wasiyoyakusudia. Wako vijana waliosema waziwazi kwamba wanaitaka barabara ipite popote, hata mlangoni pao, mradi ipite. Walisema machungwa yao yanaozea kandokando wakingoja lori linaloweza kusimama bila kuziba njia. Walisema kitongoji hakiwezi kuwa kijiji cha ujamaa cha kweli kikiwa kimekaa kama upele pembezoni mwa njia ya watu wengine. Bibi mmoja akajibu kwamba yeye alikuja hapa na kanga moja, na kitu pekee alichoongeza tangu siku hiyo ni makaburi matatu. Wakiyachukua hayo, basi wamrudishe kwenye lori alilokuja nalo. Mwingine akasema wafu watahamishwa, watazikwa tena, shida iko wapi. Akaulizwa kama yeye akilala mtu anaweza kumbeba na kitanda akamweka barabarani. Wakacheka kidogo, kisha wakaacha, kwa sababu walikumbuka kucheka ndiko kulikowafikisha pale.

Fransis aliwasikiliza wote. Hakuwa mtu mbaya. Mama yake mzazi alikuwa amelala kule juu.

"Ndugu zangu, wafu wetu tunawaheshimu, lakini wafu hawaugui," alisema. "Anayeugua ni mimi na wewe. Hapa kila mtu anakumbuka jinsi Ndugu Marselino alivyokufa. Barabara pana ingemfikisha. Kwa hiyo barabara tunaitaka, tusidanganyane. Na makaburi tunayataka. Bahati yetu ni kwamba vyote viwili tunaweza kuvipata leo, bila kupoteza kitu. Huu utani wa Mngoni na Mpogoro ni mambo ya makabila, ya wazee wetu, tuyapumzishe. Sisi ni Watanzania. Mama Eufrazia, simama utoe lile neno."

Eufrazia akasimama. Alijua Fransis amesema kweli kuhusu daraja na lori. Hata yeye barabara ile hakuwa na nguvu ya kuichukia. Aliyaona macho ya watu yote yamemlalia. Alifungua mdomo, na mdomo ule ambao haukupata kumwangusha tangu utoto ukakaa wazi kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Akaufunga. Akasimama hivyo hadi watu wakaanza kuangalia miguu yao, kisha akakaa.

Hakukataa. Hilo walilisema wenyewe baadaye, wakifarijiana. Hakukataa, amepatwa na haya tu, apewe nafasi.

Margareta alimkuta kisimani jioni ile. Margareta alikuwa dada yake Marselino, wifi yake, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Ni yeye aliyemnyoa Eufrazia nywele alipofiwa, ni yeye aliyelala naye kitanda kimoja mpaka eda ya kimila ikaisha. Alilishika debe la Eufrazia ili asiondoke.

"Kaka yangu yuko pale, wifi. Mie sina mwingine," akasema. "Ukilisema hilo neno anabaki amelala. Usipolisema wanamfukua kama muhogo. Mbona wewe maneno hujawahi kukosa?"

Eufrazia alisema maji yamejaa. Kweli yalikuwa yamejaa, yanamwagika. Margareta aliliachia debe, akaenda zake, na nyuma ya kanga yake mtu angeweza kuona mabega yanavyotikisika. Eufrazia aliyatazama yale mabega mpaka yakapotea penye michungwa. Alijua kwamba anapaswa kumkimbilia. Alijitwika debe.

Ijumaa akaja Mzee Kasimiri. Eufrazia alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Tangu amjue mzee huyu hakupata kumsalimu ila kwa tusi. Humuuliza masikio yake yamepangishwa na nani, au kama amekuja kurudisha ng'ombe. Siku hiyo aliweka ungo chini, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mzee."

Mzee Kasimiri hakuitika. Alisimama palepale kana kwamba amesukumwa kifuani.

"Nimekukosea nini?" akauliza.

"Hujanikosea kitu."

"Basi usinisalimu hivyo."

Akajikalia kwenye kinu kilicholazwa, akakuna goti. Akasema hakuja kumwambia afanye nini. Mama yake yuko kule juu, na watoto wake wawili, na kila mtu kule anamjua kwa jina lake la nyumbani. Hapendi waguswe. Usiku hapati usingizi kwa hilo. Lakini kuna jingine linalomkosesha usingizi zaidi, na linamtia haya kulisema mbele ya vijana, watamwona anajifikiria yeye tu.

"Sema," Eufrazia akasema.

"Mimi nimekwisha kuzeeka, na watani hapa ni nyie tu, wewe na kaka yako Alfonsi na wale wawili wa kule mwisho. Nimewaza siku nyingi utakavyonisema nikifa. Nilitaka uyaseme haya masikio. Nilijua utasema jeneza lilibidi litobolewe." Alicheka peke yake, kidogo. "Ukimwomba yule kijana radhi kwa utani, mbele ya watu, umetuomba wote. Hapo sina mtani. Nitazikwa kama Mzungu, watu wamenyamaza, kila mtu anatazama saa."

"Na makaburi?"

"Makaburi tutayahamisha, tutalia, yatakuwa makaburi tena. Utani ukifa tutauhamishia wapi?" Akainuka kwa kujishika kiuno. "Lakini Margareta naye ana haki. Mimi sikuja kukuambia kitu. Wala usije ukasema Kasimiri alinituma."

Alipofika njiani Eufrazia alifikiri kumrushia neno, lolote, ili aende na furaha. Halikuja. Akauokota ungo.

Jumamosi hapakuwa na radhi iliyoombwa, kwa hiyo Wapogoro wakachukua majembe na sepetu wakapanda juu. Makubaliano yalikuwa waanze na kaburi lililo karibu zaidi na barabara mpya, lenye kigingi mlangoni pake, nalo lilikuwa la Marselino. Mahali papya palikuwa pamekwisha kufyekwa nyuma ya kibanda cha kusalia. Katekista alisoma sala. Wangoni walisimama upande mmoja, mikono imefungwa vifuani. Gozbert alikuja pia. Aliiacha Landrova barabarani, injini ikinguruma, na kila mtu alielewa kwa nini hakuizima: alitaka akilipata lile neno alikimbize kambini.

Alfonsi na wenzake walichimba taratibu. Udongo ulikuwa mwekundu, mkavu juu, na kadiri walivyoshuka ukawa na unyevu. Walipofika mahali ambapo sepetu haifai tena, Alfonsi akaiweka kando, akapangusa kwa viganja, na upindo wa mkeka ukaonekana, umeshikana na udongo hadi huwezi kusema kipi ni kipi. Akatoka kupumua.

Hapo ndipo Eufrazia alipovua ndara zake, akakaa ukingoni, akateremka.

Watu wakanong'ona. Mjane haingii kaburini kwa mumewe. Katekista akaanza kusema jambo, na Eufrazia, bila kumtazama, akamwambia kwamba mjane amemwacha nyumbani, aliyekuja ni mtani. Akajilaza kando ya mkeka, chali, akafumba macho.

Wote waliijua desturi hiyo. Mtani hulala kaburini, akasema ni nyumba yake, amechoka, hatoki, na marehemu atafute pengine. Atatolewa kwa kuku. Na kuku hutolewa na ndugu wa marehemu wa kuzaliwa naye, kwa mkono wake, akicheka kama anaweza. Bila hivyo marehemu hainuliwi wala hateremshwi. Kwa Marselino huyo alikuwa Margareta, na Margareta alikuwa amekuja na kuku kwapani, mtetea mwekundu, miguu imefungwa kwa ukambaa.

Akasogea ukingoni. Kuku alitulia. Margareta hakumtoa.

"Kuku huyu hapa," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Nimemleta. Lakini omba radhi kwanza, wifi. Gari la Ndugu Gozbert liko pale linanguruma. Ukisema sasa, tunamfunika kaka yangu udongo wake, analala. Omba, nami nitakupa huyu na wengine wote nilio nao."

Gozbert alikuwa amekuja mbele, na midomo yake ilikuwa inacheza, kama mtu anayemsaidia mtoto kukumbuka shairi.

Kule chini Eufrazia alisikia ubaridi wa udongo ukipenya kanga mgongoni. Ulikuwa ubaridi tu, haukuwa kitu kingine, lakini aliusikia. Alifumbua macho. Mbingu ilikuwa na pembe nne, na katika kila pembe kulikuwa na nyuso alizozijua maisha yake yote.

"Margareta, mie na wewe ni nani?"

"Wewe ni wifi yangu."

"Kabla ya hapo."

Mzee Kasimiri, aliyekuwa nyuma, alinyoosha shingo.

"Kabla sijaolewa na huyu, mie na wewe tulikuwa nani?"

"Watani," Margareta akasema, na machozi yakamtoka.

"Basi na leo tuko hivyohivyo." Eufrazia alinyoosha mkono, akagonga mkeka kwa kifundo cha kidole, polepole, kama mtu anayebisha hodi. "Nilisema hapa mmefukia mbuzi. Nasema tena. Huyu ni mbuzi, tena beberu, na alikuwa anakoroma. Miaka yote nimelala naye, nani atanibishia?"

Alicheka mtu mmoja tu, Mzee Kasimiri, kicheko kikavu kilichoishia kooni. Alfonsi alitazama pembeni. Gozbert aliinamisha kichwa, akavaa kofia yake, na baada ya kitambo wakaisikia Landrova ikizimwa.

Margareta alikuwa bado amesimama, kuku kwapani.

"Hata kwangu?" akauliza. "Sisemi serikali. Kwangu mie, niliyekunyoa. Hata kwangu huombi?"

"Hata kwako siombi. Leta kuku, au mniache nilale. Radhi siombi."